Habari za Fundi Cherehani na Kimbunga Aliyenaswa Kwenye Upindo

Enyi mlioketi na mliosimama, mlioshika vikombe na mlioshika simu, wekeni chini mlivyovishika! Mwenye kukohoa akohoe sasa amalize, maana habari ikishaanza hatumsubiri mtu. Inakuja habari ya vita kuu, vita vya kufa na kupona, vilivyopiganwa Jumamosi moja baina ya saa nane na saa kumi za mchana, ndani ya duka la mshonaji lenye mlango mmoja na dirisha lisilofunguka, na mashahidi wake wa macho ni watu wawili na cherehani mbili. Anayetaka kucheka acheke hapa mwanzoni. Mbele huko tuna kazi.

Palikuwa na fundi cherehani, mwanamke wa miaka hamsini na mitatu, Mwenye Futi Shingoni, Bingwa wa Pindo, Mpiga Pasi Asiyeunguza, ambaye mkasi wake haukopeshwi kwa kiumbe chochote, hata kwa ndugu wa tumbo moja. Wateja walimwita Fundi. Ndugu zake walimwita Dada Mkubwa. Na katika ulimwengu ule mwingine, ulimwengu wa mchezo wa mtandaoni ambako kila kitu, mlima na mti na ng'ombe, kimeundwa kwa matofali ya pembe nne, na ambako watu wa miji mbalimbali hukutana bila kuonana nyuso, alijulikana kwa jina aliloliandika mwenyewe siku ya kwanza kwa kidole kimoja: Sindano Tisa.

Sasa naona kuna anayenong'ona pale nyuma, eti mtu mzima kama huyo alitafuta nini mchezoni. Nyamaza wewe, utaambiwa! Mama yake Fundi alikuwa na nyumba. Vyumba viwili, jiko na baraza ya mbele, ndimo walimolelewa watoto watano wakatoka wote wakiwa na meno yao. Ikaja barabara pana, nyumba ikaondoka, na Mama akahamia chumba cha nyuma ya duka la binti yake. Tangu siku hiyo, miezi kumi na moja, Mama hakuitaja ile nyumba hata mara moja. Alizungumzia mvua, alizungumzia majirani, alilizungumzia goti lake la kulia kwa marefu na mapana, lakini nyumba, wapi! Hakulia wala hakunung'unika, na kimya hicho kilimtisha Fundi kuliko kilio.

Basi Fundi akala yamini na mdogo wake, dereva wa lori aishiye mji mwingine, yule Mshika Usukani, Mla Vumbi la Njia Ndefu, ambaye ndiye aliyemfundisha mchezo wenyewe. Wakaapa kuijenga upya nyumba ya Mama humo mchezoni, tofali kwa tofali, kwa kumbukumbu tu, na Jumamosi ambayo Mama angetimiza miaka themanini, saa kumi kamili, wamkalishe mbele ya kompyuta na kumwingiza ndani. Fundi hakutaka tuzo wala makofi. Alitaka jambo moja tu, Mama aseme neno.

Wakajenga miezi miwili. Na hapa ndipo Fundi alipofanya kosa ambalo hakuna mwashi duniani angelifanya, kosa la mtu aliyeshona maisha yake yote. Alijenga nyumba kama anavyoshona suti. Nje aliweka jiwe jeusi, gumu kuliko yote mchezoni, akasema hicho ndicho kitambaa. Ndani akaweka ukuta wa mbao laini, akasema hiyo ni bitana. Katikati ya kuta mbili akaacha uwazi wa tofali moja kuzunguka nyumba nzima, akasema hiyo ni akiba ya mshono, isije nyumba ikabana. Na kuta hizo hakuzikomesha kwenye ardhi. Alizishusha chini matofali matano zaidi, jiwe kwa jiwe pande zote mbili, uwazi ukiwa bado katikati, akasema huo ni upindo.

"Upindo!" dereva aliunguruma siku hiyo ndani ya spika. "Dada Mkubwa, naomba nieleze mimi niliyezunguka nchi nzima na kuona majengo ya kila namna, nyumba inawekewa upindo wa nini?"

"Ikitaka kurefushwa baadaye, tutakunjua wapi?"

"Nyumba hairefuki, Dada!"

"Hata wewe ulipokuwa na miaka kumi tulidhani hurefuki," akajibu Fundi, na mjadala ukafungwa.

Ole, ole! Maana katika ulimwengu ule wa matofali kuna kabila la watu wasiojenga, wasiolima, wasiowinda. Wao huingia kuharibu kazi za wenzao tu, kisha hukaa juu ya kifusi wakacheka. Na mkubwa wao, jeuri wa majeuri, alikuwa mmoja aliyejiita Kimbunga. Alhamisi alilichoma paa. Ndugu wawili wakaliezeka upya wakiuma meno. Ijumaa akaing'oa baraza yote, nguzo na ngazi na benchi, na mahali pake akasimika kibao kilichoandikwa POLENI.

Fundi aliwaandikia wasimamizi wa mchezo barua ndefu, yenye salamu na yenye machozi. Jibu lilirudi kabla hajainua kidole: "Asante, maoni yako ni muhimu kwetu." Aliyeliandika ni mashine, na mashine haina mama. Ndipo Fundi akapiga moyo konde, akaelewa kuwa hakuna jeshi litakalokuja kumsaidia.

Ikapambazuka Jumamosi ya vita. Saa nane mchana Fundi aliketi penye meza yake, kompyuta imebanwa baina ya pasi na kopo la vifungo, maiki imefungwa shingoni kwa utepe wa pinki. Mama alikuwa chumba cha nyuma amejipumzisha. Kwenye benchi la wateja alikaa Mama wa Gauni, mteja wa siku nyingi, aliyekuja mara ya saba kuulizia gauni lake la buluu na kuapa kwamba leo haondoki bila hilo. Na kwenye spika alikuwamo dereva, aliyepaki nje ya ghala fulani, simu mkononi, akingoja zamu ya kushusha saruji.

"Dada Mkubwa, baraza bado," alisema dereva. "Bila baraza Mama hataijua nyumba. Baraza ndiyo uso wake."

"Najua! Nipe mbao uache hotuba."

Kabla hayajamalizika kusemwa hayo, kibao kidogo kikatokea kwenye kioo: Kimbunga ameingia. Fundi akamwona kule kwenye kilima, mtu wa matofali mwenye kofia ya dhahabu, sururu mkononi, anashuka mbio moja kwa moja kuelekea ukuta wa jikoni. Jikoni! Mahali ambapo Fundi alikuwa amepanga rafu za Mama kwa siku tisa, kila sufuria kwa nafasi yake.

"Enyi wajenzi wa vibanda!" ikapiga kelele sauti ya Kimbunga, sauti nene ya mtu mzima mwenye mafua. "Mimi ndiye Kimbunga! Nimebomoa nyumba arobaini na moja, minara sita, daraja, na banda la kuku lililokuwa na lifti! Leo nyumba ya arobaini na mbili inakwenda na maji!"

"We baba, hata hodi hupigi?" akauliza Fundi.

"Kimbunga hakipigi hodi!"

"Basi ndiyo maana hukaribishwi popote."

Kimbunga akanyanyua sururu akaanza. Ko! Ko! Ko! Jiwe jeusi likagoma. Akapiga tena, akalaani, akabadilisha mkono. Dereva alikuwa anakimbia kutoka upande wa pili wa kijiji na upanga wa mbao, akitangaza kwa sauti kuu kwamba atamla nyama, lakini dereva mchezoni alikuwa mtu wa kupotea njia, Mshika Usukani bila usukani, na akatumbukia mtoni. Mama wa Gauni akasogeza benchi karibu na kioo. Hakuelewa lolote, ila alimchukia Kimbunga papo hapo, kwa dhati.

Jiwe la kwanza likaanguka. Fundi akafumba macho. Jiwe la pili likaanguka, na pamoja nalo sururu ya Kimbunga ikakatika vipande viwili, imechoka. Yeye hakujali. "Njia iko wazi!" akapaza sauti, akaingia kwa kishindo kwenye lile tundu, kifua mbele, kama mtu anayeingia harusini bila kadi.

Akatoweka.

Kisha kutoka chini, chini kabisa, ikasikika sauti ile ile nene, lakini sasa imepungua ukubwa.

"Hii ni nini?"

Fundi alifungua macho. Akachomoa ubao mmoja wa bitana akachungulia. Kimbunga alikuwa amesimama kwenye akiba ya mshono, matofali matano chini ya ardhi, jiwe jeusi mbele, jiwe jeusi nyuma, hana sururu, na ngumi mchezoni haivunji jiwe hata ukilipiga mpaka Krismasi.

"Dada Mkubwa," dereva akanong'ona kutoka mtoni, "amenasa wapi?"

"Kwenye upindo," alisema Fundi, na akaanza kutetemeka kwa kicheko asichoweza kukizuia.

Haya, pigeni makofi! Lakini msipige mengi, maana hatari ilikuwa bado. Kimbunga akasema kwa upole wa kutisha kwamba mfukoni anayo baruti fungu moja, na kwamba yuko chini ya jiko barabara, na kwamba wasipomtoa sasa hivi atailipua, jiko lote na rafu zake liende angani. Kicheko cha Fundi kikakatika. Saa ya ukutani ilionyesha saa nane na nusu, na nyuma ya pazia alimsikia Mama akikohoa, anaanza kuamka.

Hapo ndipo mtu hujulikana. Fundi alishika ile futi iliyo shingoni mwake, akapumua, akauliza kwa sauti anayowauliza nayo wateja kama wanataka mikono mirefu au mifupi: "Na zaidi ya baruti, mfukoni una nini, baba?"

"Almasi mia mbili na kumi na nne!" akajibu Kimbunga, kwa sababu jeuri haachi kujisifu hata akiwa shimoni. "Jasho la miezi mitatu!"

"Ukijilipua utakufa, au sivyo? Na anayekufa humu anaacha vitu vyake vyote pale alipofia."

Chini ikasikika ngumi ikigonga jiwe.

"Basi lipua, mwanangu. Jiko nitashona lingine. Almasi mia mbili na kumi na nne zitanifaa kwa vifungo."

Uongo mtupu! Moyo wake ulikuwa unapiga mbio kuliko cherehani ya umeme, na jiko lingine asingeliweza kabla ya saa kumi hata kwa mikono sita. Lakini sauti yake haikutikisika. Dereva kule mtoni aliacha hata kuogelea.

"Na nikizima mchezo?" Kimbunga aliuliza.

"Utarudi ulipoachia. Humo humo."

"Sawa, mama. Nitoe basi. Tumecheza, yameisha."

Na hapa, enyi wasikilizaji, mdomo wa Fundi ulifunguka wenyewe. Hakufikiri. Miaka thelathini ya kazi ilisema kwa niaba yake.

"Njoo Jumanne."

Kwenye benchi Mama wa Gauni alitoa mguno wa mtu aliyekanyagwa kidonda.

"Jumanne?" Kimbunga alipiga kelele. "Niko shimoni sasa hivi!"

"Jumanne asubuhi utakuta tayari kabisa. Vimebaki vifungo tu."

"Vifungo gani? Nataka ngazi!"

"Ngazi ipo, iko kwenye pasi. Kulikuwa na msiba kidogo, umeme nao ukasumbua, lakini yako ndiyo ya kwanza. Wewe pita tu Jumanne."

Mama wa Gauni hakuweza kuvumilia. Alisimama, akaivuta ile maiki kwa utepe wake, Fundi nusura anyongwe, akahutubia shimo kwa machozi halisi. "Ndugu yangu uliyeko chini, sikufahamu na wala sikupendi, lakini nisikilize mimi niliyetangulia! Gauni langu lilikuwa la mahafali ya mwanangu. Niliambiwa Jumanne. Mahafali yakapita. Mwanangu amepata kazi, ameacha kazi, ameoa, na mimi bado vifungo! Huyu mwanamke hana haraka. Huyu mwanamke hatishiki. Mpe anachotaka, ndugu yangu, mpe leo hii, vinginevyo utazeekea humo!"

Wanahistoria wanakubaliana kwamba ni hotuba hiyo iliyomvunja Kimbunga. Akapiga chafya mara mbili. Akasema, kwa sauti isiyokuwa na kofia tena, "Mnataka nini?"

"Baruti kwanza," alisema Fundi. "Irushe juu."

Ikaja juu. Fundi akaidaka.

"Sasa utanijengea baraza uliyoing'oa jana. Nguzo nne, ngazi tatu, benchi moja. Saa kumi anakuja mwenye nyumba. Ni mama yangu, anatimiza miaka themanini, na nyumba hii ndiyo iliyobaki. Ile nyingine ni lami."

Kisha Kimbunga akasema, taratibu, "Sikujua ni nyumba ya mtu."

"Zote ni za watu, baba. Hebu niambie, wewe kazi yako hasa ni nini?"

"Mwalimu. Hesabu." Akavuta kamasi. "Nina madaftari mia na themanini ya kusahihisha. Kila nikimaliza rundo moja nabomoa nyumba moja."

"Mwalimu mzima!" akasema Mama wa Gauni, akarudi kukaa.

Fundi akateremsha ngazi. Na hapo ikaanza sehemu ya pili ya vita, ambayo Kimbunga mwenyewe alikiri baadaye kuwa ndiyo iliyokuwa mbaya zaidi, kwa maana sasa alikuwa mikononi mwa mtu anayejua kazi. Alisimamisha nguzo ya kwanza, upesi upesi.

"Fumua," alisema Fundi.

"Imesimama vizuri!"

"Imekaa upande. Fumua."

Akafumua. Akaisimamisha tena. Fundi akasogeza uso kwenye kioo, akaipima kwa futi yake kabisa, kioo halisi, futi halisi, akasema imezidi kushoto. Kimbunga, mharibifu wa nyumba arobaini na moja, akafumua mara ya tatu huku akihesabu matofali kwa sauti kama anavyohesabisha wanafunzi wake. Dereva alifika hatimaye, amelowa, upanga wa mbao mkononi, akataka vita. Akapewa mbao za benchi. Wanaume wawili wakajenga bega kwa bega, mmoja anasahihisha vipimo, mwingine anaeleza kwamba benchi lilikuwa limelegea upande mmoja na Mama hakukubali litengenezwe, basi na hili walilegeze. Walilegeza. Ilikuwa saa kumi kasoro dakika nne.

Pazia likafunguka. Mama alitoka na fimbo yake, kitenge begani, akauliza kwa nini duka lina kelele kama soko. Fundi akamkalisha kwenye kiti chenye mto, akamsogezea kompyuta. Alibonyeza kitufe, na mtu wake wa matofali akatembea polepole kwenye njia, akapita penye mti, na nyumba ikatokea.

Mama aliangalia. Hakusema neno. Fundi alimtazama usoni, akaogopa kwamba amekosea, kwamba amemtonesha, kwamba miezi miwili na paa na upindo vyote vilikuwa upumbavu wa mtoto wa miaka hamsini na mitatu.

"Benchi limelegea," alisema Mama.

"Ndiyo, Mama."

"Nilimwambia baba yenu aliache hivyo hivyo. Wageni wasiotakiwa hawakai muda mrefu." Akacheka. Kisha akalia, wazi wazi, mdomo umefunguka, na akaanza kuizungumzia nyumba. Akasema habari za jiko lililokuwa likivuta moshi kwa ndani, na za chumba cha wasichana, na za siku walipopandisha paa, na namna alivyosimama ng'ambo ya barabara siku ya kubomoa akishikilia sufuria moja kwa sababu hakujua ashike nini. Alisema yote, miezi kumi na moja yote, hata goti likasahauliwa. Fundi alilia, dereva alilia kwenye lori mpaka watu wa ghala wakamgongea dirisha, na Mama wa Gauni alijifuta kwa gauni la mtu mwingine.

Mama alipotulia, akanyoosha kidole kwenye kioo. "Huyo mwenye kofia ya dhahabu, anayesimama nje peke yake, ni nani?"

Kwenye spika ilisikika chafya iliyobanwa.

"Ni fundi wa baraza, Mama," alisema Fundi.

"Amefanya kazi nzuri. Mbona mnamwacha juani na mafua yake? Mwambieni aingie jikoni. Lakini asiguse kitu, vyombo vyangu nimevipanga."

"Shikamoo, mama," ilisema ile sauti nene, ndogo kabisa. "Naingia."

Basi na iandikwe mahali ambapo maji hayafiki, watoto wafundishwe, na wabishi wanyamazishwe: Jumamosi ile, kuanzia saa kumi na robo hadi saa kumi na moja na nusu, Kimbunga, mbomoaji wa nyumba arobaini na moja, minara sita, daraja na banda la kuku, alisimama jikoni kwa Mama mikono ikiwa nyuma, na hakuvunja hata kikombe.